Kiti cha Nusu

Yule bwana wa kamati ya Wasomali wa Houston aliponipigia simu nilikuwa kwenye maegesho ya kazini, nimevua viatu, nakula wali wa jana ndani ya gari. Alinisalimu kwa Kisomali cha heshima nyingi. Akaulizia hali ya mama, ya watoto, ya kazi, ya joto la Houston, na kabla hajafika kwenye hali ya paka nikajua ana haja nami. Alitaka mama yangu akae jukwaani.

Waziri mmoja wa serikali ya jimbo la kusini mwa Somalia, mmoja wa wale wakubwa wa Kismayu, alikuwa anazunguka Texas. Siku moja angekuwa Fort Worth, siku ya pili kwetu. Alikuja kuomba tumuunge mkono katika ule ugomvi uliotuchosha sote: Mogadishu inasema uchaguzi wa Kismayu ni batili, Kismayu inasema Mogadishu haina amri juu yake, askari wa pande mbili wanatunishiana misuli karibu na mpaka wa Kenya, na wale wa msituni wanaowaua wote wamekaa wanapumzika. Ugomvi huo ulivuka bahari bila viza. Huku kuna mkahawa wa chai wa watu wa Mogadishu na mwingine wa watu wa Kismayu, na nimewahi kwenda harusi ambayo mashemeji walikula pilau wakipeana migongo.

Mama aliingiaje humo? Sisi ni Wabajuni. Lugha yetu ni Kiswahili cha kwetu, kazi ya wazee wetu ilikuwa bahari, na katika siasa za Somalia sisi ni nusu. Sisemi kwa mafumbo. Vyeo vya nchi hugawanywa kwa hesabu ya nne na nusu: koo nne kubwa kila mmoja na fungu lake zima, na waliobaki wote, Wabajuni, watu wa Barawa, Wabantu wa mtoni na wengineo, wanasukumwa kwenye fungu moja linaloitwa nusu. Methali inasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulisomewa nusu ya kwanza tu.

Kamati ilitaka kuonyesha kwamba waziri anapendwa na mafungu yote. Viti vinne vilikuwa na wenyewe. Cha nusu kilikuwa kitupu, kwa sababu Wabajuni wa Houston tunahesabika, na ile familia ya Sugar Land, walipoombwa, waliumwa vichwa nyumba nzima. Bwana wa kamati hakuona haya kuniambia hivyo hivyo: "Dada yangu, tumepungukiwa nusu."

Ningemkatia simu. Hasira zangu zinajulikana. Lakini nilikuwa na nyumba kichwani.

Nyumba ya mama iko Kismayu, karibu na bandari. Ni ya mawe, ina ukumbi mrefu, na aliirithi kwa mama yake. Tuliikimbia wakati wa vita vya mwanzo, mimi mtoto, tukaishia Mombasa kambini, kisha mitaani, kisha huku. Tangu siku hiyo kila jeshi lililouteka mji lilimweka mkubwa wake humo, hata watu wakawa wanajua nani ameshika Kismayu kwa kutazama nani analala chumbani kwa mama. Sasa yumo mwanajeshi mmoja wa upande wa huyo waziri. Katika ndugu zake mama amebaki na mdogo wake mmoja tu, mama mdogo wangu, ambaye hakukimbia. Ana simu ya tochi, isiyo na picha wala mtandao. Kila Ijumaa hubipu, mama akampigia, na hawajaonana uso kwa uso tangu vita.

Basi nikapiga hesabu zangu. Waziri atakaa mbele ya ukumbi uliojaa, simu zote zimenyanyuliwa, mkutano unakwenda moja kwa moja mtandaoni na video yake inabaki huko. Mama asimame, aombe nyumba yake. Mtu atakataaje mbele ya dunia nzima?

Nilimweleza jikoni kwetu Missouri City. Nilitarajia agome, maana mama yangu hapendi mikusanyiko ya wanaume wenye suti. Aliniuliza jambo moja tu, kama hata walio Kismayu wataiona. Nikamwambia huko ndiko itakakotazamwa zaidi, nyumba za wakubwa zote zitafungulia. Akasema, basi nitakwenda. Nikadhani amepata ujasiri, na nikajisifu moyoni kwamba ni mimi niliyempa.

Wiki nzima nilimfundisha sentensi moja ya Kisomali, kwa kuwa Kisomali chake ni cha sokoni na watu humcheka: Mheshimiwa, ndani ya nyumba yangu anakaa mtu wako, naomba nirudishiwe. Aliisema vizuri huku anakuna nazi.

Siku yenyewe alivaa leso mpya juu ya buibui, akapaka wanja. Ukumbi ulikuwa ule wa harusi, kusini-magharibi mwa mji, na maua ya bibi harusi wa jana yalikuwa bado ukutani. Walimkalisha mwisho wa safu, kwenye kiti kifupi kuliko vingine. Huenda ilikuwa bahati mbaya. Mimi niliona nusu.

Wazee wa koo nne walisema, kila mmoja kwa urefu wa fungu lake. Zamu ya mama ilipofika alipewa kipaza sauti na kuombwa awe mfupi. Alimgeukia waziri, akamshukuru kwa Kisomali kwa amani ya mji. Nikasubiri. Kisha akampa waziri mgongo, akaitazama kamera iliyosimamishwa katikati ya ukumbi, akasema kwa Kibajuni:

"Nchu wangu, mi mzima. Meno tu yamekwenda."

Na akainua mdomo wa juu kwa kidole, akaonyesha pengo.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wanaume walipigana mapaja. Mwenye kuendesha mkutano, huku anafuta machozi, aliniona safu ya mbele, akaniuliza kwa kipaza sauti bibi amesema nini. Uso uliniwaka. Nilitaka yaishe. Nikajibu kwa Kisomali, nchu ni mtu, anasema mtu wangu, mimi ni mzima. Ya meno niliyaacha, kila mtu alikwisha kuyaona.

Mwendesha mkutano akaurukia huo "mtu wangu" kama paka aliyeona samaki. Akautangazia ukumbi kwamba Wabajuni wamesema leo, waziri ni mtu wao, na chini yake wao ni wazima. Makofi yakalia. Waziri akainuka, akamwita mama hooyo, yaani mama, akambusu kichwani, na picha zikapigwa. Mama alikuwa anatabasamu, lakini si kwa waziri. Alikuwa bado anaitazama kamera.

Njiani kurudi nilimwambia mama yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia amekwenda kuwachekesha waliotupora. Nilimwambia hawana haja ya kutuita nusu, tunajikata wenyewe. Nilimwambia nyumba imeponyoka kwa ajili ya meno. Alisubiri nimalize, akaniuliza kama uso wake ulionekana vizuri.

"Ulionekana," nikasema, "mpaka ndani."

Akasema alhamdulillahi, akalala mpaka nyumbani. Nilimwonea aibu. Nasema hivi bila kupunguza: nilimwonea aibu mama yangu, na nikawaza kwamba akili imeanza kumtoka.

Siku mbili hazikupita, watu wa mkahawa wa Mogadishu wakakikata kile kipande cha meno, wakakiwekea mlio wa punda, wakaandika kwamba hiyo ndiyo nusu iliyobaki na Kismayu. Kikaenda Fort Worth, kikaenda Minnesota, kikarudi. Mbajuni mmoja wa London nisiyemjua alinitumia sauti ya kunitukana kwa kuuza watu wetu. Hayo ningeyameza.

Kazini nasafisha damu za watu kwa mashine, wagonjwa wa figo, pamoja na manesi wa Kenya, Wakristo wengi wao, watu wazuri. Kwao mimi ni "yule wa Mombasa". Sikuwahi kuwasahihisha. Wakisema warya hivi, warya vile, kama Wakenya wanavyowaita Wasomali wakitaka kuwadharau, mimi hutazama mashine yangu. Mmoja wao, rafiki yangu kweli kweli, alinijia na simu mkononi.

"Hii clip ime-trend kwa group yetu," akasema. "Si huyu ni mathe wako? Kumbe wewe ni warya na huku-share?"

Hakusema kwa ubaya, alikuwa anacheka tu. Nami nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikampigia bwana wa kamati, nikamwambia aufute mkutano wote, kipande kwa kipande, au nitakuja na wanasheria. Wanasheria gani, hata sijui. Lakini yeye mwenyewe yule punda alikuwa amemchosha. Jioni ile ile mkutano ulikuwa hauko tena. Nikala nikashiba.

Ijumaa mama mdogo akabipu. Mama akampigia, akaweka sauti kubwa kama kawaida, mimi nikiwa nakata mchicha. Walikuwa wanacheka, wote wawili, kicheko cha wasichana wanaojificha. Halafu mama mdogo akasema, "Nimekuona. Umekonda."

Alieleza, na mimi kisu kikasimama. Kumbe ile video ya mkutano waliifungulia kwenye televisheni kubwa ukumbini. Waliposikia lugha wasiyoijua wakamwita kutoka jikoni, wewe Mbajuni njoo utufasirie huyu bibi. Akaja anafuta mikono, akamwona dada yake ukuta mzima. Wakamwuliza kama anamjua. Akasema hamjui. Wakamwuliza anasemaje. Akasema anamsifu waziri.

Nikauliza, ukumbini wapi? Mama akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Kwetu," akasema. "Yuko kwetu."

Mama mdogo hupika katika nyumba ya mwanajeshi yule. Hulala stoo nyuma ya jiko. Watu wa nyumba ile ni wageni mjini, hawajui kwamba mpishi wao alizaliwa humo, na majirani wanaojua wamefunga midomo kwa kumhurumia. Angejulikana kuwa ni mwenye mali asingekaa hata siku moja. Mama alijua miaka yote. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia ungenyamaza?"

Nilikumbuka ile sentensi niliyomkaririsha wiki nzima juu ya mbuzi ya nazi, jinsi alivyoisema vizuri, na jinsi alivyokuwa ameshaamua tangu mwanzo kwamba haitatoka mdomoni mwake. Hakwenda kwa ajili ya nyumba. Alikwenda ili mdogo wake amwone uso, na mlango pekee wa kumfikia ulikuwa televisheni ya mtu anayelala kitandani kwake. Kukaa kwenye kiti kifupi na kuchekwa na ukumbi mzima aliona si kitu. Mimi niliona ni kitu kuliko vyote.

Mama mdogo alikuwa bado anazungumza. Kila mgeni aliyefika walimwekea, ili aone hata Wabajuni wanavyowapenda, na kila mara alipigiwa kelele jikoni aje afasiri. Mara nyingine alijifanya hakusikia vizuri, wakamrudishia. Alisema mama ana kipele kipya karibu na sikio, akiangalie. Alisema meno si neno, hata yeye ana mawili ya pembeni yanacheza.

"Lakini tangu juzi waitafuta hawaioni," akasema. "Mwambie binti, yeye ndiye ajuaye mambo hayo. Airudishe."

Nikasema nitajaribu, mama mdogo. Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa, jambo ambalo bado linanishangaza. Simu ilipokatika nilimpigia bwana wa kamati. Alisema, lakini dada, wewe mwenyewe ulisema kipande kwa kipande. Hakuweka akiba, wala mtu mwingine hakuweka. Kilichobaki duniani ni vile vipande vya punda, na katika nyumba ile hakuna anayefungulia vitu vya Mogadishu.

Nilimwambia mama kwamba ni mimi niliyeifuta. Nilimwambia na sababu, yule nesi na kicheko chake, maana nusu ya ukweli ningeshindwa kuibeba. Alinisikiliza huku anakunja na kukunjua ncha ya leso. Ningependa angenitukana, angenipa mahali pa kushika. Aliinuka akaenda chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa.

Aliporudi alikuwa amevaa ile leso mpya na kupaka wanja. Akakaa karibu na dirisha penye mwanga, akaniambia nitoe simu nimpige video, atasema tena. Yeye anadhani mtandao ni mmoja, kama redio, kwamba ukisema Texas inatoka Kismayu. Nikamrekodi. Alisema yale yale, nchu wangu, akaonyesha pengo, kisha akageuza kichwa kidogo ili kile kipele cha karibu na sikio kionekane.

Akaniuliza itafika lini. Nikamwambia kesho, inshallah.