Mhandisi Aliyeomba Anwani

Mhandisi wa kampuni moja ndogo ya intaneti huandika kwa vidole viwili tu, na kila mstari huusoma kwa sauti ya chini kabla ya kwenda unaofuata. Anwani za mtandao, namba ambazo kila mteja huhitaji ili aunganishwe, zilikuwa zimewaishia, na bila mpya, kliniki ya wajawazito ya mtaa wa pili isingeunganishwa. Ofisi ya usajili ya kanda, inayozigawa, ilishamrudishia maombi mara mbili ikiuliza zile za zamani zimetumikaje. "Mama, ongeza wateja hewa kidogo, nani atajua?" bosi wake, kijana wa rika la mwanawe, alimsihi. Akafuta miwani kwa upindo wa blauzi, kama afanyavyo akikasirika. "Nikitia chumvi, wataionja," akajibu, akarudi kuhesabu mteja mmoja mmoja, akiwafuta hata waliohama.

Alhamisi asubuhi jibu likaja: hesabu imekubalika, wamepewa anwani elfu moja na ishirini na nne. Aliisoma barua mara tatu. Akashusha pumzi, mabega yakalegea kama ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Bosi alikuja mbio kumpongeza, akamkuta keshainua simu. "Mkunga, dada yangu," alikuwa akisema, anacheka huku anajifuta machozi, "washeni kompyuta zenu. Leo mnaunganishwa."