Siku ya Mistari

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, kama mtu anavyoikumbuka ndoto ya alfajiri. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya kambi yetu ya Dzaleka, nasi tuko uwanjani kumchagua kiongozi wa mtaa. Wakati ule hatukutumia karatasi. Wagombea walisimama mbele, na kila mtu akaenda kupanga mstari nyuma ya amtakaye, macho ya wote yakimwona.

Walikuwa wawili. Mmoja mfanyabiashara mwenye duka Lumbadzi, aliyegawa sukari na vitenge vya njano mtaa mzima. Wa pili Mama Nabintu, mjane kutoka Bukavu, aliyenifundisha kushona. Yeye hakuwa na cha kugawa. Alipita mlango kwa mlango, akauliza hali ya wagonjwa, kisha akasema jambo moja tu: pampu yetu ya maji imekufa, na akichaguliwa hatatoka ofisini kwa wakubwa wa kambi mpaka itengenezwe.

Nami nilipita naye kila mlango. Lakini kitenge nilikipokea. Kilikuwa kizuri, nami nilikuwa msichana. Nikakishona gauni, na siku hiyo ya kuchagua nikalivaa, mjinga mimi!

Nilipofika uwanjani, wenye njano wakaniita: "Dada, kuya huku! Nguo ya bantu utaivaa bure?"

Haya ikanishika. Niliona kuvaa nguo ya mtu kisha kumkimbia ni wizi. Miguu ikanipeleka kwenye mstari wa njano, polepole, kama si yangu. Mama Nabintu aliniona. Hakugeuza uso, alinitazama tu, ukungu ukipita kati yetu.

Walipohesabu, mstari wa njano ulizidi kwa mtu mmoja.

Jioni nilimwendea nikilia. Alikuwa anapiga pasi.

"Mama, mi nilikuwa na nguo yake mwilini. Ningefanyaje?"

"Nguo njo yeye alikupatia," akasema bila kuinua kichwa. "Na miguu? Nayo ni yeye alikupatia?"

Yule bwana alihamia Lilongwe, na pampu ikakaa vile kiangazi kizima. Kila nilipomwona Mama Nabintu akitoka mtaa wa mbali na ndoo kichwani, mgongo umempinda, roho iliniuma. Inaniuma hata sasa ninapokusimulia.

Sasa mnachagua tena, na mgombea wenu hana kitu ila viatu vyake, vilivyokwisha kwa kuzunguka. Mwenzake ameshaleta unga na fulana kutoka mjini. Mwanangu, sikukatazi unga. Kama nyumbani hakuna, pokea, pika nsima, watoto wale, sema zikomo, yaani asante. Zikomo inatosha. Ikifika siku yenyewe, mchague yule aliyekaa mlangoni kwako akakusikiliza, hata kama fulana uliyovaa ni ya mwingine na watu wanakucheka.

Mungu akupe miguu inayokutii, mwanangu, na maji yasiwe mbali na mlango wako.