Udongo wa Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Kisa hiki mke wangu anakisimulia vizuri kuliko mimi, lakini yeye huongeza chumvi nami sipendi mambo yasiyo sahihi, kwa hiyo nimeona afadhali nijiaibishe mwenyewe, kwa mpangilio, kuliko niaibishwe kwa makosa: ndiyo, ni kweli, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mwenyekiti wa chama cha wakulima, nilikamatwa mbele ya watu wa Wamaza nimeiba udongo. Si kuku, si muhogo. Udongo.

Mimi ni mzaliwa wa Kasongo mjini, nikaoa huku Wamaza, na ukweni ndiko ninakoishi, nalima asubuhi na jua likiwa kali natengeneza baiskeli za watu. Shule niliiacha mapema, lakini mambo ya udongo nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyochakaa, kwa redio, na kwa kuandika kila kitu katika daftari (mvua ilinyesha lini, mbegu gani ziliota, nyasi zilioza kwa siku ngapi, mke wangu anasema hata tarehe za kuzaliwa watoto sikuziandika vizuri namna hiyo). Basi ilipofika habari kwamba kuna msaada kwa vyama vya wakulima vitakavyoshirikiana kuponya udongo wa mashamba, watu wote walinigeukia mimi, nami, nakiri, sikuangalia pembeni.

Masharti yalikuwa wazi. Viwe vyama viwili, viwe na shamba moja la pamoja, na siku wageni watakapokuja, kila kundi lilete beseni la udongo wa shamba hilo, kama ulivyo, upimwe mbele ya watu. Sisi wanaume tulikuwa na shamba ng'ambo ya kijito, lililochoka kwa mihogo ya miaka mingi, tukaungana na chama cha akina mama. Mwenyekiti wa akina mama ni Mama Vumilia, na Mama Vumilia ndiye mama mkwe wangu.

Hapo lazima nieleze kidogo. Kwetu mkwe ni heshima. Nikikutana naye njiani napisha kwenye majani, sili mbele yake, na nyuma ya jiko lake, pale anapoogea na kutupa maganda, sijawahi kukanyaga tangu nioe, wala mkwe yeyote mwenye akili timamu hakanyagi. Mikutano ya ushirika wetu tuliifanya yeye amekaa upande huu wa ua na mimi upande ule, mke wangu katikati akipeleka maneno huku na huku, ingawa sote tulisikiana vizuri kabisa.

Tulikubaliana hivi: wanaume tukate nyasi na kuchimba mashimo ya mboji, akina mama walete maganda ya mihogo na majivu ya jikoni. Sisi tulichimba. Maganda hayakuja hata beseni moja, na sababu yake ilikuwa kisu. Mama mkwe alikuwa na kisu kidogo cha kumenyea mihogo, mpini wake nimeuzungushia mimi mwenyewe waya mwekundu, na kisu hicho kilipotea siku ambayo jirani yake, Mama Feza, alikuja kumsaidia kumenya. Maneno yakatoka, "mwizi" likasemwa, na tangu hapo akina mama wakagawanyika, nusu huku na nusu kule, kila nusu ikingoja nusu nyingine ibebe maganda kwanza. Mimi niliandika katika daftari: "Mambo ya akina mama, yatapita." Hayakupita.

Jumamosi, siku mbili kabla ya wageni, nikafanya jaribio nyumbani kwa sababu sipendi kushtukizwa. Kipimo chenyewe ni chepesi: unachukua bonge kavu la udongo, unalitumbukiza katika chupa ya maji, udongo wenye afya unashikamana, uliochoka unamong'onyoka. Bonge la shamba letu liliyeyuka kama biskuti kwenye chai. Nikarudia mara tatu, majibu yale yale. Nikawaza tutapambana vipi na makundi mengine manne, na katika kuwaza ndipo nikakumbuka migomba iliyoko nyuma ya jiko la mama mkwe, ambayo majani yake yanaonekana juu ya paa, manene, ya kijani kibichi, yamelishwa maganda na majivu tangu mke wangu hajazaliwa.

Kumwomba sikuweza (utamwambiaje mama mkwe, "Mama, nipe ruhusa nikachimbe nyuma ya jiko lako"?). Jumapili saa tatu asubuhi, wakati familia nzima ya mke wangu iko kanisani, nami Mwislamu sina pa kwenda, nikachukua beseni na jembe nikapita kule. Nyimbo za kanisani nilizisikia vizuri. Nikachota haraka, udongo mweusi, laini, ulioshikana mabongebonge, nikajiambia kwa hoja iliyoonekana safi sana wakati ule: Mama Vumilia ni mshirika, migomba ni yake, kwa hiyo huu nao ni udongo wa ushirika.

Jumatatu tukakusanyika kwenye banda la soko. Agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo aliyetumwa na wenye msaada, alikuja kwa pikipiki kutoka Kasongo, mama mmoja mfupi mwenye buti za mpira, sauti kubwa kuliko mwili. Akapanga chupa tano mezani. Bonge la kwanza likayeyuka, la pili likayeyuka, la tatu na la nne vilevile. Letu likazama, likakaa chini kama jiwe, maji yakabaki meupe. Watu wakapiga makofi, kijana mmoja wa chama chetu akapaza sauti, "Papa Ramazani, profesa!" nami nadhani niliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyezoea.

Agronomu hakupiga makofi. Alinitazama, akasema, "Papa, sasa huyu mugonjwa ni gani? Musaada iko ya udongo yenye kuumwa. Hii yenu imepona zamani."

Masharti yale niliyasoma mara tatu, na mara zote tatu nilisoma mashindano, kumbe yalikuwa zahanati! Wanaume wenzangu wakanitazama, na midomo yangu ikajibu kabla sijaipangia kazi: "Uliumwa sana, Mama. Tumeuponya wenyewe, kwa maganda ya akina mama."

"Aah!" Akafurahi kweli. "Basi tuangalie ndani." Akaingiza mkono kwenye beseni, akatoa nyungunyungu mmoja, wawili, watano, watu wakacheka kwa furaha, akaingiza tena, akasimama, akatoa kisu kidogo chenye kutu, mpini wake umezungushiwa waya mwekundu.

Kisha Mama Feza akasimama, taratibu, akafunga kitenge chake upya kiunoni.

"Ile kisu iko ya nani?"

Watu wakageuka kumtazama mama mkwe.

"Nauliza tena, miye mwizi wa Wamaza: ile kisu iko ya nani?"

"Iko yangu," akasema mama mkwe, kwa sauti ndogo.

"Na imefika mu shamba namna gani? Imetembea?"

Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini mimi ni mtu wa kueleza mambo, nikaeleza: bila shaka kisu kilitupwa pamoja na maganda kwa bahati mbaya, maganda yakabebwa shambani, ndiyo maana. Maelezo yalikuwa mazuri, na kila mama aliyekuwapo alijua kwamba hakuna ganda lililowahi kuvuka kijito.

"Nani alibeba?" akauliza mama mkwe, si kwa kupitia kwa mke wangu, bali moja kwa moja, mara ya kwanza katika maisha yangu ya ndoa.

Na agronomu, ambaye hakujua lolote, akavaa kofia yake: "Twende tuone hayo mashimo."

Tukaenda, watu wote, makundi yote matano, kijito tukakivuka kwa mstari mrefu kama watu wa harusi. Mashimo yetu yalikuwa masafi, yamepimwa kwa kamba, na matupu. Agronomu akachimba kidogo, akapata udongo mwekundu mkavu, akautia chupani. Biskuti kwenye chai. Akanigeukia, na nikaona hana hasira bado, anangoja tu.

Nikasema yote. Nilisema nilipita nyuma ya jiko.

Mjue kwamba agronomu alikasirika kwa sababu ya udanganyifu, akaanza kuzungumza habari za uaminifu, lakini hakuna aliyemsikia, kwa sababu akina mama walikuwa wameshika vichwa kwa jambo jingine kabisa. "Nyuma ya jiko!" "Ya mama mukwe!" "Na siku ya Mungu!" Mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Mke wangu alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika, na nilifikiri analia (hakuwa analia).

Agronomu akatoa karatasi. Ilihitaji sahihi mbili, ya mwenyekiti wa wanaume na ya mwenyekiti wa akina mama, bila hizo ombi letu linakufa pale pale. Akamgeukia mama mkwe: "Mama, naweza kuandika udongo huu wa kweli, na naweza kuandika kwamba mwenzenu alidanganya akakiri. Lakini ushirika siwezi kuwaandikia. Unataka bado kufanya kazi na huyu mutu?"

Mama Vumilia akamgeukia jirani yake kwanza. Alimwendea Mama Feza, akapiga magoti, mama wa umri ule, akasema, "Feza, nilikuita mwizi. Unisamehe." Mama Feza akamwinua kwa mikono miwili, wakakumbatiana, na akina mama wote wakawa wanazungumza kwa pamoja, nusu na nusu nyingine, hata hujui nani wa wapi. Ndipo mama mkwe akaja mezani, yaani kwenye jiwe lililotumika kama meza, nami nikarudi nyuma hatua tatu kwa heshima, nikaangalia chini.

"Huyu mukwe wangu ni mwizi wa udongo," akasema ili wote wasikie, "lakini ni mwizi wetu. Atalipa kuku mweupe kwa kupita kule. Leta kalamu."

Kuku nililipa siku iyo hiyo, mweupe kabisa, bila doa. Kesho yake maganda yakaanza kuvuka kijito, na msimu uliofuata tukapata msaada: matoroli, uma za kugeuzia mboji, na mbegu za kunde za kufunika ardhi, ingawa kwenye barua kulikuwa na mstari mmoja unaosema sampuli zote zitachukuliwa na mtu mwingine, si mwenyekiti wa wanaume. Mstari huo niliunakili katika daftari kwa mkono wangu.

Tangu siku ile nimeapa kwamba sitachota hata kiganja kimoja cha udongo bila kumuuliza mwenyewe, awe mkwe, awe nani, na mgeni akija kuniuliza shamba letu la ushirika likoje, simwonyeshi chupa wala bonge. Namwambia bado linaumwa, na kwamba akina mama wanalitibu.