Mgeni aliyegoma kutoka mpaka dagaa wake wakauke, na bibi harusi yuko mlangoni

Wakuu, habari za majukumu.

Haya yamenitokea mwenyewe na sijayatia chumvi. Kama kuna chumvi humu, ni ile aliyoinyunyiza mgeni wangu juu ya mashuka yangu, mtaiona mbele.

Nilisubiri hasira ipungue ndipo niandike. Naona haipungui, basi acha niandike hivyo hivyo.

Nipo Kigoma mjini. Kazi yangu ya miaka yote ni ufundi wa friji. Pale Gungu nina nyumba ndogo: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, na ua wenye ukuta. Naipangisha kwa siku siku kupitia mtandao. Sikusomea hoteli. Ninachokijua nimekisoma mwenyewe kidogo kidogo, kama nilivyojifunza friji.

Kwenye tangazo nimeandika wazi: check-out saa nne asubuhi, check-in saa nane mchana.

Sasa watu wengi wanadhani yale masaa ya katikati ni roho mbaya ya mwenye nyumba. Naomba nieleze mara moja, halafu tusonge mbele.

Kwetu maji ya bomba yanakuja asubuhi, halafu yanakatika. Mama Neema, anayenisaidia usafi, anatoka Simbo kwa bodaboda. Maji yakiwepo anafua mashuka, anayaanika, anapiga deki, anasugua choo. Jua linamaliza kazi iliyobaki.

Mgeni akichelewa kutoka, maji yanakatika mashuka yakiwa bado kitandani. Kwa hiyo ile "nusu saa tu" yake kwangu si nusu saa. Inakula siku nzima.

Tuendelee.

Bi Tatu ni mama mtu mzima wa Ujiji, anaheshimika sana. Binti wa kaka yake alikuwa anaolewa. Nyumbani kwao palijaa wageni wa kutoka Tabora na Bujumbura, hata pa kuweka kioo hapakuwepo. Akachukua nyumba yangu ili bibi harusi apambwe kwa utulivu. Nikahi ilikuwa baada ya Alasiri.

Akanipigia simu kuomba waingie mapema, saa sita.

Nikamwambia, shangazi, muda wa kuingia ni saa nane.

"Mwanangu, saa nane ndiyo jioni hiyo! Bibi harusi anapambwa, hachovywi kama andazi."

Nikapiga hesabu. Mgeni anayetoka anatoka saa nne. Mama Neema akikazana, saa sita nyumba iko tayari. Nikakubali, nikampa ahadi.

Ahadi ya namna hiyo kwa mtu wa Ujiji si jambo dogo. Ukiharibu harusi kule, wanawake hawaendi mahakamani. Wanakutia kwenye wimbo.

Sasa huyu mgeni wa kutoka.

Mwanaume wa makamo, mtu wa Dar, alikuja kikazi. Siku zote alizokaa hakuwa na tatizo. Anasalimia, anashukuru, ananiita "Bosi". Siku moja kabla ya kuondoka akanitumia ujumbe: "Bosi, kesho naweza kuchelewa kutoka kidogo?"

Nikamjibu: "Tutaangalia mkuu, maana kuna wageni wengine wanaingia."

Wakuu, mliokulia huku mnaelewa nilichomwambia. "Tutaangalia" ni hapana iliyovaa kanzu. Sisi mgeni hatumkatalii usoni. Anaambiwa tutaangalia, anashukuru, anafunga mizigo. Ndivyo tulivyolelewa, na hata huko Dar najua wanajua hivyo.

Asubuhi tukafika, mimi na Mama Neema. Tukafungua geti la ua.

Dagaa.

Ua mzima dagaa. Wabichi, wanameremeta, wametandazwa kutoka kwenye kamba ya nguo mpaka mlango wa jiko. Na chini ya dagaa, wakuu, mashuka yangu meupe. Yaliyokuwa kitandani na yale ya akiba niliyoyaweka kabatini. Amefungua kabati, akayatoa, akayatandika, akamwaga dagaa, akawanyunyizia chumvi.

Mama Neema alishika kiuno, akamwita Mungu kwa Kiha.

"Mana yanje! Baba, hawa dagaa wamelala pazuri kuliko mimi."

Jamaa akatoka na mswaki mdomoni, ametabasamu. Akanieleza kwamba alfajiri alikwenda mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua dagaa wa kupeleka nyumbani.

Sasa Kibirizi dagaa wakavu wamejaa. Wapo waliokaushwa mchangani, na wapo waliokaushwa juu ya chanja, hao hawana hata punje ya mchanga. Unachagua, unafungiwa, unaondoka. Nikamuuliza kwa nini hakuchukua wakavu.

"Siwaamini, Bosi. Wana mchanga. Nikaona niwakaushe mwenyewe kwenye kitu kisafi."

Kitu kisafi!

Na siku hiyo jua lenyewe halikuwepo. Wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi.

Nikamwambia kwa adabu kwamba muda wake umeisha. Akatoa simu, akanionyesha ujumbe wangu mwenyewe.

"Si ulisema tutaangalia? Mimi nimeshaangalia, haina shida. Ndege yangu ni ya jioni."

Nikamweleza habari ya bibi harusi. Nikamweleza habari ya maji. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyomweleza mteja kwa nini friji yake haigandishi. Alinisikiliza vizuri, halafu akasema:

"Lakini Bosi, kwenye tangazo umeandika watu wanaingia saa nane. Hao wanaingia saa sita kwa sheria gani?"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira iliyobaki nami mpaka leo. Mtu amevunja sheria ya kutoka, halafu anashika sheria ya kuingia kunikaba nayo! Anaisoma nusu inayomfaa, ile nusu nyingine anaikausha pamoja na dagaa.

Nikampigia Bi Tatu kumtahadharisha. Simu inaita, haipokelewi.

Haipokelewi kwa sababu walikuwa njiani. Bajaji mbili zikasimama getini, na saa sita yenyewe bado. Wanawake wakaanza kushuka na mabegi, kioo kikubwa, chetezo cha udi, kapu la maua, na bibi harusi amefunikwa kanga, anaongozwa kwa mkono.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu." Akasimama. Akavuta pumzi. "Mbona nyumba inanuka mwalo?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kueleza, jamaa akanikatiza.

"Mama, samahani sana. Mimi nina dakika chache tu hapa. Mwenye nyumba mwenyewe alisema tutaangalia."

Bi Tatu akamtazama kuanzia ndala mpaka mswaki.

"Baba, umetoka wapi?"

"Dar es Salaam, mama."

"Basi nikufundishe, urudi na kitu. Hapa ukiambiwa tutaangalia, ujue umeshafukuzwa."

Wanawake wakaangua kicheko. Jamaa hakucheka. Akasema yeye ni mteja kama wateja wengine na haondoki mpaka dagaa wake wakauke. Akaingia chumba cha kulala, kile kikubwa, akafunga kwa komeo.

Nikakaribia mlango nigonge. Bi Tatu akanizuia.

"Mwache. Mimi sina muda wa kugombana na mlango. Jamani, ingizeni bibi harusi."

Mama Neema alikuwa ameshawahi kupiga deki sebuleni kwa ndoo za maji ya mwisho mwisho. Mkeka ukatandikwa, kioo kikaegemezwa ukutani, kanga ikatundikwa kwenye mlango wa mbele. Udi ukawashwa kupigana na ile harufu.

"Na wewe mwanangu, nje. Kuanzia sasa humu hakuna mwanaume."

Nikatoka. Nikabaki uani na ndoo tupu na mashuka yenye dagaa.

Mnaielewa hali ya yule bwana? Chumba chake mlango wake unafungukia sebuleni. Sebuleni wanawake wamevua mabaibui, wengine nywele wazi, bibi harusi anapakwa liwa. Dirisha lake lina nondo, nilizichomelea mwenyewe, hazitoki.

Haikuchukua muda, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. "Bosi, waambie hao akina mama wasogee kidogo nipite."

Nikamjibu: "Tutaangalia mkuu."

Sijivunii. Ila pia sijutii.

Nikaanza kuwahamisha dagaa kwenye magunia ili niokoe mashuka yangu. Hayakuokoleka. Mafuta ya dagaa yakishaingia kwenye pamba nyeupe, hakuna sabuni.

Nikiwa hapo chini ya dirisha la sebule, nikamsikia bibi harusi. Sauti ndogo sana. Tangu afike nilikuwa sijamsikia akisema neno.

"Shangazi, nanuka?"

Wakuu, nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kuitwa mwizi wa gesi ya friji. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo. Msichana wa watu, siku yake moja, anauliza kama ananuka, ndani ya nyumba niliyompa ahadi kuwa ni safi.

Bi Tatu akamjibu:

"Bwana harusi mwenyewe mvuvi. Atavuta harufu, atajua amefika nyumbani."

Wakacheka wote, na bibi harusi nikamsikia naye akicheka. Mimi sikucheka. Aliyefanya asilie ni shangazi yake. Mimi na mgeni wangu ndio tuliomfikisha karibu na kulia.

Yule bwana alianza kugonga mlango kwa ndani. Kwanza taratibu, kisha kwa ngumi, anasema ndege itamwacha. Mtu aliyegoma kutoka sasa anaomba kutoka! Wakamjibu asubiri, hina ya miguu bado mbichi, bibi harusi hawezi kuinuka.

Mwishoni Bi Tatu akaamua. Yule bwana alifunikwa kanga kichwani mpaka kifuani, Mama Neema akamshika mkono kama kipofu, begi likasukumwa nyuma yake.

"Teremsha macho, baba. Hatua. Hatua nyingine. Usikanyage kioo."

Alipopita wakampigia vigelegele. Alifika uani jasho linamtiririka, kanga bado kichwani, nikaitoa mimi mwenyewe ili niirudishe.

Mtu wa kawaida hapo angeomba radhi. Yeye aliwatazama dagaa kwenye magunia, akawabonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Bado kidogo. Wakikauka utanitumia kwa basi, Bosi."

Akapanda bodaboda, akaenda zake. Ndege aliiwahi. Dagaa wake walikauka kesho yake na kuliwa Simbo, kwa Mama Neema.

Bibi harusi hakuwahi kama ilivyopangwa. Adhana ya Alasiri ilipita akiwa bado anafungwa mtandio. Shehe alikaa, wazee wakakaa, bwana harusi akawa anachungulia barabara kila bajaji inapolia. Nikahi ilifungwa, namshukuru Mungu, lakini ilifungwa kwa kusubiriwa, na kila aliyesubiri aliambiwa sababu.

Wimbo wangu ulianza pale pale getini, wakiwa wanapanda bajaji:

*Gungu kuna nyumba, ndani kuna mgomo,*
*mgeni hatoki, mwenyeji hana mdomo.*

Nilidhani wataniimba kuwa nyumba chafu. Wakaimba kwamba sina mdomo. Nimeukataa wimbo huo siku nyingi, lakini nimeshindwa kuupata uongo wake.

Na yule bwana? Aliandika review. Naikariri: "Nyumba nzuri, mwenyeji mkarimu, ila muda wa kutoka hauko wazi."

Hauko wazi! Umeandikwa kwenye tangazo, umebandikwa nyuma ya mlango ule ule aliojifungia!

Sasa nilichojifunza.

Anayeomba kuchelewa kutoka na anayeomba kuwahi kuingia hawakuombi wewe. Wanaombana wenyewe kwa wenyewe, bila kuonana, na wewe ndiye unayewajibia wote wawili. Kila saa unayompa mmoja umeitoa mfukoni kwa mwingine. Usigawe kabla hujajua inatoka kwa nani.

Na ile adabu yetu ya kutosema hapana, ibaki kwenye kahawa na misiba. Kwenye nyumba ya kupangisha inaumiza mtu asiyehusika. Siku hizi nikiombwa, najibu siku hiyo hiyo: ndiyo, mwisho saa fulani, au hapana, begi unaweza kuliacha kwangu. Hakuna katikati.

Wengine wamekasirika. Mmoja aliniambia nimekuwa kama Mzungu. Sawa.

Juzi Bi Tatu alinipigia tena. Nilishtuka, nilidhani jina langu limefutwa kwenye simu yake. Ana binti mwingine wa kuozesha, anataka nyumba, na anataka waingie asubuhi.

Nikaangalia, kuna mgeni analala usiku wa kuamkia siku hiyo, na anayo haki ya asubuhi yake. Sijawahi maishani mwangu kumwambia mtu mzima wa Ujiji neno hilo likiwa uchi.

"Hapana, shangazi. Siku hiyo asubuhi haiwezekani."

Nikasubiri matusi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa nimejua nikatafute kwingine, na bado mapema."

Wenye nyumba za wageni humu, nyie mnawajibuje? Na nyie mnaopenda kuomba "nusu saa tu", uwanja ni wenu, njooni mjitetee. Nitawasoma wote, ila nawaambia kabisa, sijapoa.