Divai ya Vumbi

Watu wa Goma hawajui divai. Nasema hivyo bila kuwaonea, maana nimewauzia kwa miaka zaidi ya ishirini na sijakutana na hata mmoja aliyenunua kwa ulimi wake. Wananunua kwa macho, kwa kidole gumba, na kwa kuchungulia jirani amenunua nini.

Zamani mji huu ulikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na sehemu kubwa ya kasiksi hiyo ilitoka uani kwetu Katoyi. Mama yangu alikuja na ufundi wake kutoka Butembo. Alikamua ndizi mbivu kwa majani, akatia mtama uliokaangwa, akafunika, akasubiri. Wateja walikaa kwenye mabenchi wakapokezana kibuyu kimoja na mrija mmoja, tajiri baada ya maskini, bila mtu kufuta mdomo wa mrija. Kasiksi ikigeuka kuwa chachu mbaya, Mama aliimwaga mbele yao na kuwaambia warudi keshokutwa. Walinung'unika, lakini keshokutwa walirudi.

Halafu ukaja ule mwaka ambao wakimbizi walivuka mpaka wakajaa barabarani hadi huwezi kuona lami. Kipindupindu kikaja nao, au kiliwakuta hapa, sijui, lakini baada ya wiki chache hakuna aliyetaka kugusa mrija wa mwenzake. Mabenchi ya Mama yakabaki matupu. Wakati huohuo mashirika ya misaada yalifika na magari yao meupe, yakapanga nyumba zote nzuri za Kyeshero, na ndani ya nyumba hizo watu walikunywa divai, kila mtu na glasi yake. Kaka yangu alipata kazi ya udereva kwao. Mwezi wa pili tu alianza kushika glasi kwa vidole vitatu, na kasiksi akaiita kinywaji cha kijijini, yeye ambaye kasiksi ilimlipia minerval, karo ya shule, tangu darasa la kwanza.

Mimi nilifungua kibanda cha divai huko Ndosho. Siwezi kujitetea. Niliona upepo unakoelekea nikaelekea huko.

Mwanzoni walitaka divai tamu. Isiyo tamu waliichanganya na Fanta, na sikuwacheka, kwa sababu angalau walikunywa walichokipenda. Upumbavu ulianza pale mfanyakazi mmoja wa ofisi alipotangaza kwamba divai nzuri hutambulika kwa shimo la chini ya chupa. Basi ikawa kila mteja anapindua chupa na kuingiza kidole gumba. Kidole kikizama, anatabasamu. Kisipozama, anarudisha chupa kama amemkuta mende ndani yake. Nimeona wanaume wazima, wenye kalamu mfukoni, wakipima vidole saa nzima bila kusoma hata neno moja kwenye karatasi ya chupa.

Baada ya shimo ukaja ukavu. Sasa tamu ilikuwa ya watoto na ya wanawake wa sokoni; mtu aliyesoma alitaka sèche, isiyo na sukari. Walikunywa wakikunja uso kama waliopewa dawa ya minyoo, kisha wakasema, "Hii iko sèche muzuri." Waliizungusha kwenye glasi kama wanaosuuza kikombe. Nikamuuliza mmoja anazungushia nini. Akanijibu kwamba divai lazima ipumue. Nilimwacha apumue nayo.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Kyeshero, kwenye duka la kweli lenye dirisha la kioo. Vita vikaja tena. Waasi waliingia mjini, nikafunga duka na kukaa kwa Mama, kule Katoyi. Chupa zilibaki dirishani zimesimama wima, jua la mchana likizipiga kila siku, na vumbi jeusi la mji wetu wa volkano likaingia kwa kila ufa. Niliporudi baada ya miezi mingi zilikuwa za kijivu kutoka shingoni hadi chini. Nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa. Mteja wa kwanza akapiga kelele mlangoni.

"Mama, usipanguze! Hiyo iko ya zamani!"

Alinunua mbili, akazibeba kwa mikono yote miwili ili vumbi lisitoke. Kesho yake alileta rafiki. Rafiki alitaka kufungua palepale. Kizibo kilivunjika vipandevipande na harufu ikanifikia nilipokaa. Mimi ni mtoto wa mpika pombe. Pua yangu haihitaji kuambiwa. Ilikuwa siki. Yule bwana akaonja, akafumba macho, akasema, "Ya zamani haina mwenzake." Ningeweza kumwambia. Badala yake nilitupa kitambaa, nikaziacha chupa na vumbi lao, na bei nikaipandisha. Niliwadharau sana, na dharau hiyo ilinitosha kama ruhusa.

Mwaka huohuo binti yangu alichumbiwa na kijana wa familia ya karani mmoja, watu wa upande wa Bukavu, wakatoliki wa kukaa benchi la mbele. Mume wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kaka yangu ndiye aliyeandika orodha ya mahari. Mbuzi aliwaacha palepale kwenye orodha. Kasiksi akaifuta, akaandika divai.

"Batatuona sawa batu ba pori," aliniambia. Nami nikaona kafanya vizuri.

Kwetu, siku ya mahari, bibi mzaa mama ndiye anayeonja kinywaji cha wageni kabla ya mtu yeyote. Akisema kizuri, mazungumzo yameisha na binti ameolewa. Akiweka glasi chini bila neno, wageni wanafungua mbuzi wao na kurudi nao nyumbani, na hakuna wa kuuliza kwa nini. Binti yangu alilijua hilo. Alikaa kwenye mkeka, mikono imebana magoti, akimtazama nyanya yake.

Baba wa kijana, yule karani, akasimama, mtu mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye mishono. Akaweka chupa mezani moja moja. Zilikuwa za kijivu kutoka shingoni hadi chini.

"Mama, tulituma mutu mwingine kununua," aliniambia kwa aibu. "Haifai kununua zawadi ya mahari kwa mama ya binti. Tulimwambia alete ya zamani tu, ile ya maana."

Ningesema nini? Kwamba wakwe zangu wameletea ukoo wangu siki, na siki hiyo ni yangu? Kaka yangu alishafungua, akanusa kizibo, akatikisa kichwa kwa heshima. Akammiminia Mama.

Mama alileta glasi puani. Kisha akainua macho, hakumtazama karani wala kaka yangu. Alinitazama mimi, moja kwa moja, na nikajua ameelewa yote.

Mama akanywa. Hakuonja, alikunywa glasi nzima, koo likishuka na kupanda, akaiweka mezani.

"Iko muzuri," alisema. "Mutoto ni wenu."

Vigelegele vikapigwa. Nilimfuata Mama jikoni, nikamkuta ameshika ukingo wa meza, anasukutua mdomo kwa maji. Nilianza kuomba msamaha. Akanizuia kwa mkono.

"Miaka yote sikudanganyaka mutu juu ya pombe," alisema. "Leo nimedanganya, sababu ya mutoto wako. Ile baba ya kijana iko mutu muzuri. Enda ukae naye."

Nilirudi nikakaa. Mezani wote walikuwa wanakunja uso na kusifu. Nilikunywa glasi yangu hadi mwisho, ikanichoma hadi machozi, na baba wa kijana, alipoona jinsi nilivyoipenda, akainamisha chupa kwa mikono miwili na kunijazia nyingine.