Chungu Kilichosuguliwa

Mtu wa kumshinda Mkunga kwa maneno bado hajazaliwa, na siku akizaliwa, Mkunga ndiye atakayempokea.

Alistaafu wodi ya wazazi akiwa na miguu inayovimba na vyungu kumi na kimoja vya Kijapani. Ni vyungu vya bonsai, ile miti midogo inayopogolewa isirefuke; vimefinyangwa kwa mkono zamani, na kila kimoja kina muhuri wa mfinyanzi wake kwenye kitako. Cha kwanza aliachiwa na mgeni mmoja aliyemzalishia mkewe mapacha. Vingine alivisaka mwenyewe, minadani na kwenye maduka ya mitumba, kimoja akakikuta kimejaa vipande vya sigara. Majirani walisema amechanganyikiwa. Akatia pamba masikioni.

Kipenzi chake kilikuwa cha kahawia, chenye alama ya kidole gumba cha mfinyanzi kwa ndani. Nje kilikuwa na weusi fulani laini, ulioletwa na maji, jua na mikono ya watu. Weusi huo ndio uliomfanya akipende. Haupakwi, unakuja wenyewe kwa miaka.

Alipotimiza miaka sabini na mmoja, mwanawe alikuja na mkewe, maboksi matupu, na shauri lililokwisha kukatwa: mama ahamie kwao ghorofani, nyumba hii ifungwe.

"Na vyungu vyangu?"

"Chagua kimoja, mama. Chumba chenyewe kidogo."

"Ala! Nimekuzaa uje kunichagulia vya kuacha? Siendi!"

Mwana akaja juu, mama akaja juu zaidi. Mkwe, maskini, alitaka kupoza mambo. Akatoka uani, akakichukua kile cha kahawia, akakisugua kwa sabuni na waya wa masufuria mpaka kikatakata. Akakileta sebuleni kwa mikono miwili, uso wote furaha.

"Mama, ona! Nimekutolea uchafu wote. Tutahama na hiki."

Mkunga akakitazama. Lo! Umri mzima wa chungu umekwenda na povu. Asikudanganye mtu kwamba alijikaza; alilia palepale, kwa sauti. Binti wa watu akaduwaa, na alipoelezwa alichokifanya, naye akaangua kilio.

"Nyamaza, mwanangu, hukujua," Mkunga alimwambia, akijifuta machozi kwa upindo wa nguo.

"Kwani huo weusi haurudi?" mwana aliuliza.

"Unarudi. Unataka jua la asubuhi, maji, na mkono wa kukipangusa kila siku."

"Kwa muda gani?"

"Miaka thelathini."

Mwana akashindwa kuzuia kicheko. "Mama, una miaka sabini na mmoja!"

"Umri wangu naujua, na wako naujua, nilikuwepo. Huko kwenu jua la asubuhi linaingia?"

Mwana akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa, kamasi zikimtoka.

"Haliingii, mama," alisema.

Mkunga akainuka, magoti yakilia, akakibeba chungu chake hadi uani na kukiweka juu ya ukuta. Akakijaza udongo, akapanda mche mdogo kama kidole, akaumwagilia. Kisha akageuka.

"Maboksi yenu rudini nayo. Mimi nina kazi ya miaka thelathini hapa, na leo ndiyo naianza."