Pasi Niliyoiita Maiti

Mi shule niliiacha mapema, ila kusema sikuacha. Juzi binti yangu Neema, mshonaji wa Nsungwi, alinituma nimnunulie pasi ya umeme. Kesho yake bibi arusi angekuja kuchukua gauni. Nikainunua mjini, Old Town, nikaipeleka kwanza kwangu kambini Dzaleka niijaribu. Huku kila kitu tunajaribu kwa batri ya sola: redio, taa, hata mashine ya kunyoa, ile ya kinyozi jirani mwenye kikohozi. Nikaunganisha. Pasi baridi!

Asubuhi nikarudi dukani nikiwaka mimi badala yake.

"Mumeniuzia maiti! Imeandikwa wati 1200, ziko wapi? Na gauni ya arusi inangoja!"

Batu wa njiani wakajaa mlangoni. Mi nilidhani wati zinakaa ndani ya pasi, kama mafuta ndani ya taa.

Muuzaji, dada wa Bukavu, akauliza polepole, "Muzee, uliichomeka wapi?"

"Kwa batri yangu, volti 12."

Akaigeuza. "Soma hapa: volti 240, ampea 5. Gawanya, ukinzani wa waya wa ndani ni omu 48. Sasa volti zako 12 gawanya kwa 48: robo ya ampea. Zidisha kwa 12: wati tatu! Baba, gauni ya arusi unapiga pasi na nguvu ya kataa kadogo?"

Wakacheka mpaka barabarani. Akaichomeka ukutani, akaidondoshea maji. Tsss!

"Zikomo, asante Mungu wangu, iko mzima!" Kwa furaha nikanyoosha mikono niikumbatie.

Duka zima likapiga kelele: "Muzee, acha! Sasa wati zote ziko ndani!"